Kuvipima Vitabu vya Safari

Safari ni mwalimu mzuri, lakini ada yake ni kubwa. Inataka fedha, inataka wakati, inataka afya, na kwa vijana inataka pia ruhusa ya wazazi. Kwa sababu hiyo wengi wetu huiona dunia kwa macho ya watu wengine. Mtu huenda, akarudi, akaandika; nasi tukiwa tumeketi chini ya mwembe au kando ya taa tunavuka bahari na majangwa pasipo kulowa wala kuungua. Hiyo ni neema. Kijana wa Kitui asiyepata kuiona bahari aweza kuijua harufu ya bandari kwa kusoma, na kijana wa Mombasa aweza kuihisi baridi ya milima ambayo mguu wake haujaikanyaga.

Walakini kila neema ina sharti lake. Ukisoma kitabu cha hesabu, na mwandishi akakosea, unaweza kukokotoa mwenyewe ukamkamata. Ukisoma hadithi ya kubuni, hukudai mwandishi ushahidi. Lakini kitabu cha safari kinakutaka umwamini mtu usiyemjua juu ya mahali usipopajua. Akisema kweli, utamtambuaje? Akidanganya, utamkamataje? Vitabu vya namna hii ni vingi, na habari nyingine za safari siku hizi husomwa kwenye simu. Wakati wako ni mchache, na fedha zako ni chache zaidi. Nataka katika insha hii kukuonyesha, msomaji, jinsi ya kuvipima vitabu vya safari, ili uvipate vile vyenye faida na furaha, na uviache vile vyenye sauti kubwa na tumbo tupu.

Mimi nilijifunza haja ya kupima kwa aibu. Nilikuwa mwalimu kijana, nikawachukua wanafunzi 12 kwenda kuutazama mji wa Lamu. Hapakuwa na hata mmoja wetu aliyezaliwa pwani. Nilikuwa nimenunua kijitabu cha kuwaongoza wageni, ambacho jina lake halina haja ya kutajwa hapa. Kilikuwa kizuri kwa sura, chenye picha za milango ya nakshi na majahazi, na maneno yake yalikuwa laini kama hariri. Kilisema kwamba kutoka mjini Lamu hadi kijiji cha Shela msafiri huenda kwa miguu ukingoni mwa bahari, mwendo usiotimia saa moja, na kwamba njia hiyo ni nyepesi hata kwa mtoto mdogo. Nilikisoma mara mbili usiku, nikakiamini.

Kesho yake tulitoka saa tisa alasiri, jua lilipopunguza ukali. Mwezi ulikuwa mpevu siku hizo, lakini mimi mtu wa bara sikujua kwamba mwezi mpevu huleta bamvua, na kwamba maji ya bamvua hujaa sana jioni kabla ya magharibi. Tulipofika kati ya njia tuliona mchanga unapungua mbele yetu. Kulia kwetu palikuwa na kuta za mawe na vichaka, kushoto, bahari. Maji yalitufika vifundoni, kisha magotini, na mtoto mdogo kuliko wote yakamfika kiunoni. Tulishikana mikono. Kijana mmoja aliteleza juu ya mawe akachanika mguu. Mvuvi mzee aliyekuwa akipita na dau lake alituona, akageuza, akatupakia kwa mafungu mawili mpaka mahali pakavu.

Nilimwamkia na kumshukuru.

“Marahaba, mwanangu,” alijibu. “Nani aliyewaambia mpite huku na maji yanajaa?”

“Kitabu, mzee.”

Alinitazama kwa huruma, akauliza, “Na huyo mwenye kitabu alipita saa ngapi?”

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilikifungua tena kijitabu, kimevimba kwa maji ya chumvi, nikatafuta mahali palipotajwa maji kujaa au maji kupwa. Hapakuwapo. Mwandishi ama alipita mara moja tu bahari ikiwa imekupwa, ama aliitazama njia kwa mbali akiwa ndani ya mashua, ama hakupita kabisa. Sisemi kwamba kila neno lake lilikuwa uongo; njia ipo, na ni fupi. Kosa lake lilikuwa kuzisemea saa zote kwa ujuzi wa saa moja. Kosa langu lilikuwa kubwa kuliko lake, kwani niliwategemeza watoto wa watu juu ya kitabu nisichokipima. Wahenga walikwisha kutuonya: usisafirie nyota ya mwenzio.

Tangu siku hiyo kila kitabu cha safari nakiuliza swali la yule mzee. Nimeona kwamba swali hilo lina matawi matatu. Kwanza, mwandishi alifika mwenyewe, na je, anatenga alichokiona na alichokisikia? Pili, alikaa muda gani, na aliandika baada ya muda gani? Tatu, ni nani anayesema katika kitabu, na ni nani aliyenyamazishwa? Twende tukayajaribu maswali haya juu ya vitabu vyenyewe, maana kanuni isiyojaribiwa ni kama jembe lisilotiwa mpini.

Katika karne ya 14 zilienea Ulaya habari za safari zilizoitwa za Sir John Mandeville. Zilinakiliwa kwa lugha nyingi na kusomwa na wakubwa kwa wadogo. Ndani yake mna watu wenye vichwa vya mbwa, na watu wasio na vichwa kabisa, ambao macho yao yako mabegani. Wataalamu waliokichunguza kitabu hicho wameona kwamba sehemu kubwa yake imekusanywa kutoka vitabu vya watu wengine, na hata mtu mwenyewe aliyejiita Mandeville hajulikani kwa yakini. Msomaji wa zama zile alicheka, akashangaa, akaogopa, akafunga kitabu akiwa amefurahi. Lakini nchi alizodhani amezijua hakuzijua. Mabaya zaidi, watu wa nchi hizo walikwisha kuvikwa vichwa vya mbwa katika mawazo yake kabla hajakutana na hata mmoja wao.

Katika karne ileile alikuwako msafiri wa kweli. Ibn Battuta alizaliwa Tangier, katika Moroko, mwaka 1304. Alitoka kwao mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21, akaenda kuhiji, na safari ikamvuta mpaka ikachukua karibu miaka 30. Mwaka 1331 alishuka pwani yetu, akafika Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Kwa sisi wa Afrika ya Mashariki kitabu chake ni kama dirisha katika nyumba yenye giza, kwa kuwa walioandika habari za miji yetu kwa kuiona katika wakati ule ni wachache mno.

Tazama anavyosimulia. Anasema kwamba merikebu ilipokaribia Mogadishu, mashua ndogo zilitoka kuilaki, na ndani ya kila mashua mlikuwa na vijana waliochukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kila kijana alimpa mfanyabiashara mmoja sahani yake na kutangaza kwamba huyo ndiye mgeni wake. Tangu hapo mgeni hakuuza wala kununua ila mbele ya mwenyeji wake. Ibn Battuta alikuwa mwanachuoni, siyo mfanyabiashara, na desturi iliwataka wanavyuoni wamwone sheikh wa mji kabla ya kufikia mahali pengine. Hivyo akapokewa na kadhi na kupelekwa kwa sheikh. Kisha anatuorodheshea chakula: wali uliopikwa kwa samli, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando pamoja na ndimu na pilipili za achari, tangawizi mbichi, na maembe, ambayo anayafananisha na tofaa lenye kokwa ndani. Anaongeza kwamba mtu mmoja wa mji ule alikula chakula cha kundi la watu wa kwao.

Hapa, msomaji, simama kidogo. Kwa nini maelezo haya yanapendeza? Hayana maneno makubwa. Hakusema kwamba ukarimu wa Mogadishu hauna kifani chini ya jua. Alitaja mashua, sahani, kifuniko, kijana na tamko lake, akakuachia wewe useme kwamba watu hawa ni wakarimu, tena wana busara ya biashara. Kwani mgeni aliyekwisha kula chakula chako hawezi kwenda kununua kwa mwingine. Kitu kimoja kilichoonwa sawasawa huzaa mawazo mawili au matatu katika akili ya msomaji. Sifa tupu haizai kitu.

Kutoka huko alikuja Mombasa, akalala usiku mmoja tu. Anasema watu wake walikula ndizi na samaki, na nafaka waliletewa kwa vyombo. Walikuwa na ndizi na ndimu, na tunda moja lililofanana na zeituni, lenye kokwa kama ya zeituni, lakini tamu mno. Jina alilolitaja ni lile ambalo Wahindi hulitumia mpaka leo kwa zambarau. Basi kijana wa Mombasa anayerudi nyumbani na ulimi uliogeuka rangi kwa zambarau anaweza kumshuhudia Ibn Battuta baada ya miaka karibu 700! Anasema tena kwamba misikiti ya mji ilikuwa ya miti iliyojengwa kwa ustadi, na penye milango yake palikuwa na visima vifupi, kina chake dhiraa moja au mbili, ambavyo maji yake yalitekwa kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba. Watu walitembea miguu mitupu, na kila aliyetaka kuingia alinawa miguu na kuisugua juu ya mkeka mnene uliowekwa mlangoni.

Ni nani angeweza kubuni mpini ule wa chombo cha maji? Mwongo hutaja majumba ya dhahabu; aliyefika hutaja mpini na mkeka. Hii ndiyo alama ya kwanza ya kuitafuta katika kitabu chochote cha safari: mambo madogo ambayo hayamletei mwandishi sifa yoyote kwa kuyasema, nayo hayasemwi ila na mtu aliyekuwapo.

Lakini sitaki umsujudie Ibn Battuta, wala mwandishi mwingine yeyote. Mhakiki anayesifu tu ni mshenga. Anatafuta ndoa, hatafuti haki. Ibn Battuta ana makosa, na makosa yake yatakufundisha kuliko sifa zake.

Anasema kisiwa cha Mombasa ni mwendo wa siku mbili kwa bahari kutoka nchi ya Waswahili, na kwamba hakina bara yake. Kila mtoto wa Mombasa anajua kwamba mkono wa bahari unaokitenga kisiwa hicho na Likoni huvukwa kwa dakika chache. Huenda kwa nchi ya Waswahili alikusudia sehemu nyingine ya pwani. Huenda alimwelewa vibaya aliyemwarifu. Lakini kumbuka kwamba alilala usiku mmoja. Usiku mmoja unatosha kuona kisima na mkeka mlangoni mwa msikiti. Hautoshi kuijua jiografia ya nchi. Aliposema aliyoyaona kwa macho alisimama juu ya mwamba, na aliposema ya mbali na macho yake alisimama juu ya mchanga. Kumbe hata mwandishi mmoja, katika ukurasa mmoja, aweza kuwa wa kuaminiwa katika mstari huu na wa kushukiwa katika mstari ufuatao.

Tena, aliusifu mji wa Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri kuliko yote, akasema umejengwa kwa miti. Leo magofu ya Kilwa Kisiwani yanasimama, nayo ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Wachimbaji wa mambo ya kale, akiwamo Neville Chittick katika miaka ya 1960, waliyachunguza, na jumba kubwa liitwalo Husuni Kubwa ni la zama zilezile za Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliyempokea Ibn Battuta. Yamkini nyumba za watu wengi zilikuwa za miti. Yamkini kumbukumbu ilimpotea, au mkono wa mnakili ulikosea. Hapo ndipo lile swali la pili linapohitajiwa. Ibn Battuta hakuandika pale Kilwa akiwa ameketi juu ya jiwe. Alisimulia katika mji wa Fez, na mwandishi aitwaye Ibn Juzayy akayaandika na kuyapamba. Kazi ikamalizika mwaka 1355, yaani miaka 24 baada ya kuiona pwani yetu. Wataalamu wamegundua pia kwamba sehemu za maelezo ya Damascus na Makka zilichukuliwa kutoka kitabu cha Ibn Jubayr, aliyesafiri katika karne ya 12. Je, wewe unakumbuka nini juu ya nyumba uliyolala usiku mmoja miaka mitano iliyopita? Mwonee mzee huyo huruma, lakini usiache kumpima.

Kosa la tatu ni zito zaidi, na wasomaji wengi hulipita. Ibn Battuta anamsifu sultani wa Kilwa kwa ukarimu. Anasimulia kwamba siku moja ya Ijumaa, sultani alipotoka msikitini, fukara mmoja kutoka Yemeni alimwomba nguo alizovaa, naye akampa papo hapo. Mwana wa sultani akazinunua nguo zile kwa fukara yule kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyolisifu tendo lake, akaamuru aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Kisa ni kizuri, kina mwanzo na mwisho, na msomaji humaliza akiwa amempenda sultani. Lakini wahesabu watu waliotajwa. Sultani tunamjua kwa jina. Fukara tunaijua nchi yake. Na wale ishirini je? Walitoka wapi? Waliitwa nani? Walikwenda wapi na bwana wao mpya? Katika kitabu wamehesabiwa pamoja na pembe za ndovu, na msafiri hakuona neno la kuuliza. Alikuwa na macho makali ya kuona kifuniko cha sahani, lakini juu ya watu ishirini macho yake yaliteleza.

Sikuambii uache kumsoma kwa ajili hiyo. Nakuambia usome mara mbili: mara ya kwanza kwa kumfuata msafiri, na mara ya pili kwa kurudi nyuma kuwatafuta aliowapita njiani. Kila kitabu cha safari kina watu kama hao. Ni wapagazi waliochukua mizigo, wapishi, manahodha, wanawake waliotandika vitanda, watoto waliokimbia nyuma ya gari. Mwandishi akiwapa majina na maneno, heshima yake inazidi. Akiwafanya kuwa sehemu ya mandhari, pamoja na miti na ng'ombe, mwandikie alama ya kasoro pambizoni, ijapokuwa lugha yake ni tamu.

Jambo hili linatugusa sisi kuliko wengine. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 rafu za Ulaya zilijaa vitabu vya wasafiri waliopita Afrika. Wazee wetu walitazamwa, wakapimwa, wakachorwa. Mara chache waliulizwa. Basi ni furaha kubwa kukutana na kitabu ambamo mtazamwa amekuwa mtazamaji. Mwaka 1901 kilipigwa chapa Ujerumani, katika mji wa Göttingen, kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Mkusanyaji wake alikuwa Carl Velten, lakini wasimulizi walikuwa Waswahili wenyewe. Mmoja wao, Selim bin Abakari, mtu wa asili ya Komoro, alieleza safari aliyoifanya mwaka 1896 kupita Urusi mpaka Siberia, akiwa katika utumishi wa Mjerumani. Mtu wa visiwa vya jua anaingia nchi ya theluji, anawatazama watu wa huko na desturi zao, na kuwasimulia watu wa kwao kwa Kiswahili. Ndani ya kitabu hicho wamo pia waliosimulia misafara ya bara. Ukikipata katika maktaba, kisome polepole, kwa kuwa Kiswahili chake ni cha zamani na hijai yake ni ya Kijerumani. Lakini ni hazina.

Hata hivyo mzani haubadiliki kwa sababu msimulizi ni ndugu yetu. Mzani unaobadilika kwa ajili ya jamaa ni mzani wa mwizi. Tuulize: Selim alisafiri akiwa mtumishi, angeweza kuandika waziwazi juu ya bwana wake? Waliosimulia misafara ya bara walimsimulia Mjerumani aliyepata kuwa mkalimani wa serikali ya nchi yake huku, katika wakati ambao bendera ya Kijerumani ilipepea juu ya miji yao. Walinyamaza juu ya nini? Maswali haya hayapunguzi thamani ya kitabu. Yanakifanya kisemwe chote, pamoja na yale yasiyosemwa.

Kitabu kingine cha kukitafuta ni kile cha Martin Kayamba, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilichotolewa mwaka 1932. Kayamba alikuwa mmoja wa Waafrika watatu waliotoka Tanganyika mwaka 1931 kwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, iliyolichunguza shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Jina la kitabu lenyewe ni somo. Lina vitendo viwili: kuona na kufanya. Mtalii huona tu. Msafiri mwenye kazi huona na kufanya, hupanga foleni, hukosea njia, husubiri mlangoni mwa wakubwa. Na mji humfunulia uso ambao haumfunulii mpita njia.

Labda utaniuliza: je, furaha haina nafasi? Umetupa mizani na maswali, nasi tulitaka kufurahi. Nakujibu kwamba furaha ya kweli imo humo humo. Mandeville hufurahisha kama moto wa makuti: unawaka juu, unang'aa, na mara unakuwa majivu. Ibn Battuta hufurahisha kama moto wa mkoko, ambao hukaa usiku kucha. Ukishajua kwamba mpini wa chombo cha maji ulikuwapo kweli, kwamba zambarau lile lilipakwa kweli katika midomo ya watu walioishi mtaani kwenu, unapata furaha ambayo mtu mwenye kichwa cha mbwa hawezi kukupa. Wala usidhani kwamba kitabu chenye faida lazima kichoshe. Mwandishi anayejua alichokiona hana haja ya kurefusha maneno. Anayerefusha ni yule asiyekuwa na kitu cha kuonyesha.

Sasa nikupe shauri la kazi. Unapoingia maktaba, au unaposimama mbele ya muuza vitabu, usianze na kitabu cha nchi ya mbali. Anza na kitabu kinachosimulia mahali unapopajua: mji wenu, soko lenu, mto wenu. Kisome ukiwa mwenyeji. Kama mwandishi amekosea bei, msimu, njia na tabia za watu unaowajua, kwa nini umwamini akikueleza habari za China? Kama amepatia, mfuate hata baharini. Pili, tazama mwaka wa kitabu. Njia huhama, mito hukauka, mipaka hubadilika. Kitabu cha zamani ni shahidi wa zamani, nacho hakina makosa kwa kuwa wewe umezaliwa baadaye. Tatu, soma vitabu viwili juu ya mahali pamoja. Vinapokubaliana, shika, vinapogombana, chimba, maana hapo ndipo penye jambo. Nne, mtafute mtu aliyezaliwa pale, umsomee ukurasa mmoja, na umtazame usoni. Ningalimsomea mvuvi yeyote wa Lamu ukurasa mmoja tu wa kijitabu changu kabla ya kutoka, wanafunzi wangu wasingaliingia majini.

Yule aliyechanika mguu sasa ni mtu mzima, na kovu analo. Tulipokutana miaka mingi baadaye alinionyesha kwa kicheko, akasema kwamba kila anapofungua kitabu cha safari mguu wake humwasha. Nilicheka pamoja naye, lakini moyoni sikucheka.

Msomaji, siku moja na wewe utasafiri, na huenda ukaandika. Watakusoma vijana ambao hutawaona, nao watakwenda wakikutegemea. Waambie ulichokiona na ulichosikia, kila kimoja mahali pake. Waambie ulikaa siku ngapi. Wataje kwa majina waliokubebea mzigo na waliokupa maji. Na zaidi ya yote, waambie ulipita saa ngapi.